Upande Mmoja kwa Wakati: Mjadala Juu ya Kusikiliza Albamu Ngumu

Miongoni mwa wapenzi wa muziki wa roki kuna tabaka la wasikilizaji ambao hawasikilizi nyimbo bali albamu, tena hawaisikilizi albamu mara moja wakaiweka kando, bali huirudia kwa utaratibu unaokaribia ibada, kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, kisha huhamia albamu inayofuata ya kundi lilelile kwa mpangilio wa miaka, mpaka waimalize kazi yote ya wanamuziki hao. Muziki unaowavuta zaidi ni wa aina mbili zinazopakana. Ya kwanza ni roki progresivu, yaani roki iliyochipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, ambayo watunzi wake walirefusha wimbo kutoka dakika tatu hadi ishirini na zaidi, wakaazima mbinu za okestra za Ulaya na za jazi, na wakabadilisha hesabu ya mapigo katikati ya wimbo bila kumwomba radhi mchezaji dansi. Ya pili ni roki ya majaribio, ambayo haikujali sana urefu wala wepesi wa vidole bali iliuliza ni sauti gani hasa inayostahili kuitwa muziki, na kwa ajili ya swali hilo ikakaribisha kelele, tepu zilizokatwakatwa na ala zilizopigwa kinyume cha mazoea. Mpaka kati ya aina hizi hauna boma, na mshabiki wa moja kwa kawaida huishia kuwa jirani wa nyingine.

Jambo linalobishaniwa hapa si kama muziki huo ni mzuri, kwa kuwa hilo haliamuliki kwa jumla, bali ni kama mwenendo wenyewe wa kusikiliza una maana. Mtu anayeirudia albamu ngumu kwa mara ya saba, anaugundua uzuri uliokuwa umejificha, au anauumba mwenyewe kwa kuzoea? Sauti tatu zitasikika. Mshabiki anautetea mwenendo huo. Mkosoaji anautilia shaka. Na Fundi, aliyewekwa kati yao kwa sababu hoja nyingi za wapenzi wa muziki huanguka kwa kutojua mashine inavyofanya kazi, anaeleza mambo ya tepu, sindano na santuri. Hakuna kati yao aliye mtu halisi, ingawa kila mmoja hutamka mambo ambayo watu halisi wamekwisha kugombana kwayo kwa nusu karne.

MSHABIKI: Mfano wa kuanzia uwe Close to the Edge, albamu ya kundi la Yes iliyotolewa mwaka 1972. Wimbo wenye jina hilo unachukua upande mzima wa kwanza wa santuri, karibu dakika kumi na tisa, nao umegawanywa katika sehemu nne. Unaanza kwa sauti za ndege na maji, kisha ala zote huingia kwa pamoja katika ghasia ambayo msikilizaji wa mara ya kwanza haioni kichwa wala miguu. Baadaye ghasia hutulia, waimbaji hubaki karibu peke yao, kinanda kikubwa cha kanisa hulipuka juu yao, na mwishoni kiitikio kilichopitishwa harakaharaka hapo mwanzo hurejea kikiwa kipana na chenye utulivu. Sasa, marejeo ni jambo la kumbukumbu. Hakuna anayefurahia kurudi kwa msafiri ambaye hakuwahi kumjua. Anayesikiliza mara moja husikia mwisho wenye sauti kubwa. Anayesikiliza mara ya tano husikia kitu kimerudi nyumbani, na tofauti hiyo haikuletwa na msikilizaji bali iliwekwa humo na watunzi.

MKOSOAJI: Ndugu Mshabiki ameeleza vizuri kwa nini wimbo huo unahitaji kusikilizwa mara mbili, au hata tatu. Hajaieleza mara ya saba. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na albamu inayomtaka mtu atenge wiki nzima ndipo ianze kumpendeza ina dalili zote za bidhaa inayojitembeza. Zaidi ya hayo, lipo jambo ambalo wanasaikolojia walilipima zamani. Mwaka 1968, Robert Zajonc wa Marekani alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu walioonyeshwa maneno yasiyo na maana na maandishi wasiyoweza kuyasoma waliyapa alama nzuri zaidi kadiri walivyoyaona mara nyingi zaidi, ingawa hawakujifunza lolote juu yake. Kukutana na kitu mara kwa mara, peke yake, kulitosha kukifanya kipendeze. Ikiwa herufi zisizosomeka hupendwa kwa kuonekana tu, kwa nini isiwe hivyo kwa gitaa lisiloeleweka? Na tusisahau fedha: kijana wa Uingereza wa mwaka 1972 aliyetumia akiba yake ya wiki kadhaa kununua santuri moja hakuwa na njia ila kuipenda, kwa sababu kuichukia kungekuwa ni kujikiri mjinga.

Hoja hii ya Mkosoaji ni nzito kuliko washabiki wengi wanavyopenda kukubali, na si vyema kuikwepa kwa kurudia methali ya mvumilivu kula mbivu. Methali hiyo inadhani kwamba tunda lililoko mkononi ni la kuiva. Haisemi lolote juu ya jiwe lililopakwa rangi ya embe.

MSHABIKI: Basi jiwe na lipimwe. Mwaka 2013 watafiti wakiwemo Aaron Meskin wa Chuo Kikuu cha Leeds walichapisha jaribio lililofuata njia ya Zajonc lakini kwa michoro ya sanaa. Wanafunzi walionyeshwa darasani, kwa nyakati tofauti na bila maelezo mengi, picha za Thomas Kinkade, mchoraji wa Marekani ambaye wahakiki wengi humwona kuwa na utamu wa kupita kiasi, pamoja na picha za John Everett Millais, mchoraji wa Uingereza wa karne ya 19 anayeheshimiwa zaidi. Iwapo kuzoea ndiko kunakoleta upendo, picha zote zilizorudiwa zingepanda. Za Kinkade zilishuka: kadiri zilivyoonekana ndivyo zilivyochosha, ilhali za Millais hazikupatwa na mporomoko huo. Kurudia, kwa hiyo, si rangi inayopakwa juu ya kitu chochote kile; kunafanana zaidi na maji yanayomwagwa juu ya kitambaa, ambayo hukionyesha kama rangi yake inachuja.

MKOSOAJI: Picha ni picha, na muziki ni muziki. Hata hivyo hoja imesikika, na itakubaliwa kwa kiasi chake: kuzoea hakutoshi. Lakini yafaa izingatiwe kwamba wanafunzi hao hawakuwa washabiki. Hawakuzinunua picha, hawakuwa na marafiki waliozisifu, wala hawakuvaa fulana zenye jina la mchoraji. Mshabiki wa albamu ngumu huingia katika mara ya saba akiwa ameshaamua. Hapo si kitambaa kinachopimwa, ni nia ya mfuaji.

Katika hatua hii ya mabishano ni afadhali Fundi aitwe, kwa kuwa pande zote mbili zimekuwa zikitumia neno albamu kana kwamba ni kitu kimoja kilichoshuka kikiwa kizima, na hilo ndilo kosa lililofichika ndani ya mjadala wote.

FUNDI: Albamu inayozungumzwa hapa ni sahani ya plastiki yenye pande mbili, inayozunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika. Kampuni ya Columbia ya Marekani iliileta sokoni mwaka 1948, na kabla yake palikuwa na sahani za mizunguko 78 zilizobeba dakika tatu hadi nne kwa kila upande, za namna ileile alizorekodia Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928. Upande mmoja wa santuri mpya ulibeba kama dakika ishirini na mbili kwa raha. Zinaweza kuzidishwa, lakini kwa gharama, kwa sababu sauti huchongwa kama kijifereji chembamba kinachoyumba, na sauti nzito au ya nguvu hukifanya kiyumbe zaidi na kuhitaji nafasi pana. Anayetaka dakika nyingi lazima avisogeze vifereji karibu, na ili visigongane lazima apunguze sauti. Kuna la pili ambalo wapenzi wachache hulifikiria. Sahani huzunguka kwa kasi moja, lakini njia ya sindano hufupika kadiri inavyokaribia katikati: ukingoni mwa nje sindano husafiri kama sentimita 51 kwa sekunde, na karibu na karatasi ya katikati husafiri kama sentimita 21 tu. Mawimbi yaleyale hubanwa katika nafasi isiyofika nusu, na sauti nyembamba huanza kuchakaa. Yaani kile kilele cha Close to the Edge alichokisifu ndugu Mshabiki, pale kiitikio kinaporejea, kimechongwa mahali pabovu kuliko pote katika upande huo.

MKOSOAJI: Na jinsi kilivyotengenezwa?

FUNDI: Kwa vipande. Kundi la Yes lilirekodi wimbo huo katika studio ya Advision jijini London kwa sehemu fupifupi, na mhandisi wa sauti Eddie Offord akaziunganisha kwa kukata tepu kwa wembe na kuigandisha kwa utepe wenye gundi. Kinanda cha kanisa kilirekodiwa mahali pengine, katika kanisa la St Giles-without-Cripplegate. Wanamuziki wenyewe walilazimika kujifunza baadaye kuupiga wimbo mzima kwa mfululizo jukwaani.

MKOSOAJI: Shukrani, Bwana Fundi. Sasa imedhihirika kwamba kile kinachoheshimiwa kama kiumbe kizima kisichogawanyika ni mabaki yaliyounganishwa kwa gundi, na urefu wake haukuamuliwa na wazo la mtunzi bali na upana wa sahani ya plastiki. Anayekaa chini kwa dakika arobaini kwa heshima hiyo yote anaheshimu uamuzi wa kiwanda.

MSHABIKI: Mkeka hushonwa kwa ukili. Msukaji huanza na utepe mrefu wa miyaa, akauzungusha na kuushona ukingo kwa ukingo, na hakuna aliyewahi kusimama juu ya mkeka akalalamika kwamba anakanyaga vipande. Suala ni kama mshono umeshika. Ama kuhusu kiwanda, wimbo wa taarabu una desturi yake ya urefu, shairi lina hesabu ya mizani, na mtunzi hodari hufanya kazi ndani ya mpaka asioujenga yeye. Kinachopaswa kuulizwa ni kama aliutumia.

Hapa Mshabiki amesema zaidi ya alivyokusudia, kwani ikiwa mpaka uliotumiwa ni upande wa santuri wenye dakika ishirini na mbili, basi kipimo halisi cha usikilizaji ni upande huo, si albamu nzima ambayo tangu mwanzo amekuwa akiinua juu. Ushahidi wa jambo hilo umejaa katika muziki wenyewe. Kundi la Soft Machine, lililotoka katika mji wa Canterbury, mwaka 1970 lilitoa Third, albamu ya sahani mbili yenye tungo nne tu, kila moja ikikaa upande wake kama mpangaji katika chumba chake. Kundi la Queen, ambalo mwimbaji wake Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, lilitoa albamu yake ya pili mwaka 1974 na halikuziita pande zake kwa herufi kama ilivyo desturi, bali liliuita mmoja Upande Mweupe na wa pili Upande Mweusi, na nyimbo zote za Upande Mweusi ni za Mercury peke yake, zikifuatana bila kumpa msikilizaji nafasi ya kuvuta pumzi. Haielekei kwamba mtu angezipa pande majina na rangi kama asingeziona kuwa ni vitu viwili.

Wasikilizaji wa Afrika Mashariki waliolelewa na santuri ndogo za mizunguko 45, ambamo wimbo mmoja wa dansi ulikatwa katikati na sehemu yake ya kuchezeka, yaani sebene au chemko, ikasukumwa upande wa pili, hawahitaji kusomeshwa jambo hili. Walijua kwamba kugeuza sahani ni sehemu ya wimbo. Kundi la Jethro Tull lilifanya vivyo hivyo kwa kiwango kikubwa zaidi mwaka 1972 katika Thick as a Brick, ambayo ni wimbo mmoja wa zaidi ya dakika arobaini uliopasuliwa katikati kwa kuwa sahani haikuwa na njia nyingine. Na kwa kuwa Ian Anderson, kiongozi wa kundi, aliukusudia kuwa mzaha juu ya albamu nzito za wenzake, mashairi yake yakadaiwa kuwa ya mtoto wa kubuni na jalada likawa gazeti zima la kubuni la kurasa kumi na mbili. Ni jambo la kuchekesha kwamba washabiki wengi waliuchukua mzaha huo kwa uzito uleule uliokuwa unachekwa, na la kuchekesha zaidi ni kwamba hawakukosea sana, kwa maana muziki wake umetungwa kwa umakini ambao mzaha haukuuhitaji.

MKOSOAJI: Kama upande ndio kipimo, basi upo pia upande wa kutesa. Mwaka 1973 kundi lilelile la Yes lilitoa Tales from Topographic Oceans, sahani mbili, nyimbo nne, kila wimbo upande mzima. Mpiga vinanda wa kundi, Rick Wakeman, ameeleza mara nyingi kwamba muziki uliokuwepo ulizidi sahani moja lakini haukutosha sahani mbili, hivyo ukajazwa. Na habari za yeye kula chakula cha mchuzi wa bizari jukwaani Manchester huku wenzake wakiendelea kupiga zimekuwa sehemu ya hadithi za roki. Mwaka uliofuata akaondoka. Hapa mpaka haukutumiwa na mtunzi. Mpaka ulimtumia yeye.

MSHABIKI: Hilo halikanushwi. Na ndilo jibu la swali la mara ya saba lililoulizwa mwanzoni: anayerudia albamu hiyo hazidi kuipenda yote. Huanza kujua ni dakika zipi zenye wazo na zipi zinazongoja sindano ifike katikati. Kurudia kwake kumemfanya awe mkali kuliko mtu aliyeisikia mara moja na kuihukumu kwa jumla kuwa ni ndefu.

Mkosoaji hakulijibu hili, na ni sawa kuhesabu kimya hicho kama nusu ya ushindi kwa Mshabiki. Nusu tu, kwa sababu ushindi huo unahusu muziki uliopangwa, wenye mwanzo unaorejea na mada zinazofuatana. Mambo hubadilika pale mjadala unapohamia roki ya majaribio, ambako mpangilio wenyewe ndio unaotiliwa shaka.

MKOSOAJI: Ichukuliwe Trout Mask Replica ya mwimbaji Captain Beefheart na kundi lake, sahani mbili zilizotolewa Marekani mwaka 1969 chini ya usimamizi wa Frank Zappa, zenye vipande ishirini na vinane. Gitaa mbili zinakwenda kila moja njia yake, ngoma haikubaliani na yeyote, na sauti ya mwimbaji inaelea juu kana kwamba imetoka chumba kingine. Matt Groening, mchora katuni aliyebuni The Simpsons, amesimulia kwamba alipoisikia mara ya kwanza aliiona kuwa ni kitu kibaya kabisa, na kwamba ilipofika mara ya sita au ya saba akaiona kuwa albamu bora kuliko zote. Washabiki hupenda kuisimulia habari hiyo kama ushuhuda wa wokovu. Lakini sifa moja ya chombo cha kurekodi ni kwamba hurudia kila kitu bila kuchagua. Mlio wa sufuria iliyoanguka jikoni, ukirekodiwa na kusikilizwa mara ishirini, huwa na mwanzo, kilele na mwisho. Msikilizaji huanza kuungojea mdundo wa tatu wa mfuniko, na unapokuja huridhika. Sufuria haikutunga chochote. Basi mtu atajuaje kama albamu hiyo ni utunzi au ni sufuria?

MSHABIKI: Wanamuziki wake waliishi pamoja katika nyumba ya kupanga huko Woodland Hills, pembezoni mwa Los Angeles, wakifanya mazoezi kwa muda wa miezi kama minane kabla ya kurekodi, katika hali ya njaa na ukali ambayo baadhi yao wameieleza kwa uchungu. Vile vinavyosikika kama ajali vilikaririwa noti kwa noti, na viliweza kupigwa upya vilevile.

FUNDI: Hilo ni kweli, lakini ndugu Mshabiki aangalie anachokisema. Ushahidi huo hautoki katika santuri. Umetoka katika kumbukumbu za waliokuwepo. Sikio peke yake, hata kwa mara mia, haliwezi kutenganisha ajali iliyorekodiwa na ajali iliyokaririwa, kwa sababu tepu huzifanya zote mbili kuwa kitu kisichobadilika.

Jibu la Fundi linauma pande zote, na huenda ndiyo hoja muhimu kuliko zote zilizotolewa hapa. Linaonyesha kwamba mshabiki wa kweli wa muziki huu hasikilizi tu. Husoma majalada, hulinganisha rekodi za jukwaani na za studio, hujua ni nani alikuwa kundini mwaka gani, na elimu hiyo inayodhihakiwa kama uchu wa kukusanya vitu visivyo na faida ndiyo inayomwezesha kuamua alichokisikia. Tena si kila kundi linalojali tofauti hiyo. Kundi la Can la Köln, Ujerumani, lenye wanamuziki wawili, Irmin Schmidt na Holger Czukay, waliosomea utunzi kwa Karlheinz Stockhausen, lilipiga kwa saa nyingi bila mpango ulioandikwa huku tepu ikizunguka, kisha Czukay akakata na kuunganisha yaliyofaa. Katika albamu yao ya sahani mbili, Tago Mago ya mwaka 1971, mdundo wa mpiga ngoma Jaki Liebezeit unashikilia upande mzima wa pili kwa dakika kumi na nane bila kutetereka, na kile kinachotokea juu ya mdundo huo ni ajali iliyochaguliwa. Sufuria ilianguka mara elfu, na fundi mwenye wembe akabakiza milio arobaini. Je, huo si utunzi? Mkosoaji angelazimika kusema kwamba mpiga picha naye hatungi, kwa sababu mawingu hayakuwa yake.

Ni wajibu pia kusahihisha hadithi moja inayopendwa. Husemwa kwamba vuguvugu la panki, yaani roki fupi na kali iliyoibuka Uingereza mwaka 1976 na 1977, liliusomba muziki huu mrefu na kuutupa, na picha inayotolewa kama ushahidi ni ya John Lydon, mwimbaji wa kundi la panki la Sex Pistols, akiwa amevaa fulana ya kundi la Pink Floyd aliyoiandika juu yake kwamba anawachukia. Lakini Lydon huyohuyo, alipoalikwa mwaka 1977 na kituo cha Capital Radio cha London kuchagua santuri azipendazo, alipiga za Can na za Peter Hammill, mwimbaji wa Van der Graaf Generator, kundi ambalo upande wa pili wa albamu yake ya mwaka 1971, Pawn Hearts, ni utunzi mmoja wa dakika ishirini na tatu juu ya mlinzi wa mnara wa taa anayepoteza akili. Albamu hiyo haikuingia hata katika orodha ya mauzo ya Uingereza, ilhali Italia ilifika kileleni. Adui wa panki, kwa hiyo, hakuwa urefu. Alikuwa ni starehe ya waliokwisha kutajirika. Ndani ya roki ndefu yenyewe walikuwepo waliolalamikia jambo hilohilo: tarehe 12 Machi 1978 kundi la Henry Cow liliwakusanya London wenzao wanne kutoka Italia, Sweden, Ubelgiji na Ufaransa, makundi ambayo kampuni kubwa za santuri hazikuyataka, chini ya jina Rock in Opposition, yaani roki katika upinzani.

MKOSOAJI: Limebaki la mwisho, nalo ni kusikiliza kwa mpangilio wa miaka, albamu baada ya albamu. Hapo hakuna tena suala la utunzi. Hakuna mtunzi aliyepanga kwamba kazi yake ya mwaka 1969 isikike wiki moja kabla ya kazi yake ya mwaka 1974. Huo ni utaratibu wa karani anayepanga majalada.

MSHABIKI: Au wa mwanahistoria. Kundi la King Crimson lilitoa albamu yake ya kwanza Oktoba 1969, na sauti iliyoipa albamu hiyo sura ni ya melotroni, kinanda cha Kiingereza ambacho kila kibao chake huvuta kipande cha tepu kilichorekodiwa fidla au filimbi, na ambacho baada ya sekunde nane hivi tepu huisha na sauti hukatika, hivyo mpigaji lazima ainue kidole na kuanza upya. Waanzilishi wakaondoka mmoja baada ya mwingine mpaka akabaki mpiga gitaa Robert Fripp peke yake. Mwaka 1974, katika wimbo wa mwisho wa albamu ya Red uitwao Starless, melotroni inarudi na wimbo wa huzuni kama ule wa zamani. Kisha uimbaji unakoma, na kwa dakika kadhaa Fripp anaipiga noti moja, akiipandisha kidogokidogo juu ya mzunguko wa mapigo kumi na matatu, mpaka ghasia inafunguka na ile sauti ya huzuni inarejea mwishoni ikipulizwa kwa saksafoni. Miongoni mwa waalikwa waliopuliza katika wimbo huo yumo Ian McDonald, mmoja wa waanzilishi walioondoka mwaka 1969. Kundi lilivunjwa kabla albamu haijafika madukani. Msikilizaji aliyetoka katika albamu ya kwanza na kupita zote zilizo katikati anasikia hapo kitu ambacho hakuna mtunzi aliyekipanga, hilo ni kweli, lakini hakukibuni yeye vilevile.

MKOSOAJI: Kilipangwa na nani, basi?

MSHABIKI: Na miaka mitano.

FUNDI: Kabla sauti hazijafungwa, yafaa itajwe albamu ambayo haimwachii msikilizaji uamuzi wa lini amemaliza. Mwaka 1970 Pink Floyd walitoa Atom Heart Mother, ambayo upande wake wa kwanza ni utunzi mmoja wenye kwaya na tarumbeta, na upande wake wa pili unamalizika kwa sauti za mtu anayeandaa kifungua kinywa jikoni: kiberiti, kikaango, kumimina maji. Sauti ya mwisho ni ya bomba linalovuja. Katika santuri za awali za Uingereza matone hayo yalichongwa ndani ya kile kijifereji cha mwisho kinachojifunga chenyewe kama pete, ambako sindano haina pa kwenda. Katika diski za leza na katika huduma za muziki mtandaoni bomba hukatika baada ya sekunde chache, lakini kwenye santuri huendelea kudondoka, tone kwa tone, dakika kumi, saa nzima, mpaka aliyeketi akisikiliza ainuke mwenyewe akalizime.